Kamanda Aliyepimwa Suti

Kwa muda mrefu watu wa mtaa wetu hapa Kasulu waliamini kwamba yule kamanda wa India aliingia jeshini kwa sababu alinyimwa mke. Hata mimi niliamini, ingawa filamu ya maisha yake nimeiona mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, maana mimi ndiye ninayeshika rimoti.

Kibanda cha video ni cha shangazi yangu. Ni chumba kirefu cha tofali za kuchoma chenye mabenchi kumi na mawili, na madirisha yamezibwa kwa maturubai yaliyotoka Mtabila wakati kambi ya wakimbizi inafungwa. Kazi yangu ni kufagia, kupanga mabenchi, kuwasha deki na kukaa kimya. Kukaa kimya sikuagizwa na mtu, ndivyo nilivyo. Kule Titye, nilikosoma hadi darasa la saba, nilikuwa yule mwanafunzi ambaye ubao unafutwa kabla hajamaliza kunakili. Sikuwahi kunyoosha mkono nikasema, mwalimu, subiri kidogo.

Kusema ni kazi ya mtafsiri. Ni mtu mzima, mcheshi, anayependwa mtaa mzima. Anakaa kando ya runinga na maiki yake, na filamu ikianza anawasemea wote waliomo: wazee, mabinti, polisi, hata ng'ombe. Kihindi hajui. Hajawahi kudai kwamba anajua, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Anatazama midomo na macho, kisha anasema.

Filamu ya kamanda ililetwa na dereva wa lori kutoka Kigoma mjini, kwenye CD isiyo na picha. Ni ndefu na haina ngoma nyingi. Mwanzoni kuna kijana mwembamba wa milimani amesimama kifua wazi, na mwanamume mwenye masharubu anamzungushia utepe wa kupimia. Mtafsiri alipoiona mara ya kwanza hakusita hata kidogo. "Fundi, usinibane," alisema kwa sauti ya yule kijana. "Suti hii nitaivaa mpaka harusi ya mjukuu." Mwenye masharubu alipotikisa kichwa, mtafsiri akamjibia: "Kijana, tatizo si suti. Tatizo ni wewe, hakuna kitu cha kuvalisha." Watu walianguka kwenye mabenchi. Tangu siku hiyo kisa kizima kikawa kisa cha harusi. Kamanda akiwa kwenye theluji anaongea na redio ya jeshi, mtafsiri anasema anampigia baba mkwe. Akiletewa nishani, tunaambiwa ni zawadi ya shemeji.

Pale watu walipocheka kuliko pote ni pale kwa mama mzee. Kamanda, sasa mtu mzima mwenye masharubu na sare yake, anafika kwenye nyumba ya mawe. Mama amekaa mlangoni ameshika glasi ya bati yenye maji. Anamwangalia na hampi. Anasema neno, kamanda anajibu neno, na bado hampi. Mtafsiri alimfanya mama mkwe mkali: "Wewe na masharubu yako, hapa hunywi maji mpaka nione ng'ombe." Vijana walikuwa wanaisema mistari hiyo pamoja naye. Na mimi nilikuwa nacheka. Nalisema hili kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Jumapili moja aliingia Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri. Mke wake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mguu katika hospitali ya hapa, na yeye alipewa kibali cha kutoka kambini hadi Jumatano ili amhudumie. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile niliona tu kwamba watu wote wanacheka na yeye hacheki. Ilipofika pale kwa mama mzee, alivua kofia.

Filamu ilipoisha alibaki kwenye benchi. Nilikwenda na ufagio, nikaanza kufagia mbali naye.

"Mudogo wangu," aliniita. "Ule mutu wa micro, Kihindi alijifunzia wapi?"

"Hajui," nilisema.

"Ah, bon." Alicheka kidogo, lakini si kwa dharau. "Anasema muzuri sana kwa mutu hajui."

Alinieleza kwamba kwao Kivu aliwahi kuwa mpishi kwa miaka kadhaa katika kambi ya wanajeshi wa India waliokuja kulinda amani. Kihindi alikipata jikoni, kwa kugombezwa juu ya chumvi. "Uyu commandant namujua," alisema. "Picha yake ilikuwa mu chumba ya kula. Basoldat walimupigia saluti mbele ya kukamata sahani. Kwabo ni mutu mukubwa, kila mutoto anamujua."

"Kwa hiyo ile suti..."

"Haiko suti. Banamupima kifua. Kifua ikiwa kidogo, banamurudisha kwabo. Bamemurudisha mara mbili."

Nilisimama na ufagio wangu. Kisha nikauliza, na sikumbuki kama kabla ya hapo nilishawahi kumwuliza mteja swali lolote: "Na yule mama mwenye maji?"

"Yule mama, mutoto wake alikuwa soldat. Alikufa ku mulima, na commandant njo alikuwa mukubwa wake. Mama anauliza: mwanangu alisikia baridi? Batu bote walimwambia hapana, alikufa mbiombio, hakusikia kitu. Commandant anasema: ndiyo, mama. Alisikia baridi. Nilikuwa naye, alisikia baridi sana. Kisha mama anamupa maji."

Nilimaliza kufagia, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani. Kaka yangu alifia machimboni, mbali na hapa. Aliyeleta habari alituambia alilala tu, hakuumia. Mama alimwuliza mara tatu, na mara tatu yule mtu alisema hakuumia, na mama hakumwamini hata mara moja. Sasa nilijua kwamba mwezi baada ya mwezi tumekuwa tukimcheka mama anayeuliza swali lile lile la mama yangu. Niliamua kwamba kabla Mkongomani hajarudi kambini nitaandika kila kitu kinachosemwa katika filamu ile, na watu watakisikia.

Asubuhi ya Jumatatu nilinunua kaunta buku, nikamngoja nje ya hospitali. Alikuwa akitoka kumpelekea mkewe uji. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakatoka mawili tu: "Nisaidie kuandika."

Alinitazama, akatazama daftari. "Filamu yote?"

"Yote."

"Bon. Twende."

Kazi, pale kibandani, ilikuwa hivi. Mimi nabonyeza rimoti, watu wanasema, nasimamisha. Yeye anatafsiri. Mimi naandika. Halafu tunaendelea. Kwa mtu mwingine pengine ingekuwa kazi ya saa chache. Mimi naandika herufi moja moja, na nisipoona neno limekaa sawa siendi kwenye linalofuata. Isitoshe, Kiswahili chake na changu havikufanana. Yeye akisema neno la kwao, mimi nalitafuta kwa Kiswahili cha shule, nikikwama najaribu Kiha, naye anakijua kidogo kwa kuwa aliwahi kukaa na Warundi, na lugha yao inakaribiana na Kiha. Neno moja lilituchukua muda wa kuchemsha chai.

"Unaandika sawa mutu anajenga nyumba," aliniambia.

"Samahani."

"Apana. Nyumba ni kintu muzuri."

Mpaka saa saba mchana, alipotakiwa kurudi kwa mkewe, tulikuwa bado kwenye utepe wa kupimia. Nilipiga hesabu ya dakika zilizobaki, nikaona hatutamaliza. Yeye pia aliona. Alisema tuandike kwa kifupi: alizaliwa, akawa askari, akapigana, akawa mkubwa, akazeeka. Nilikataa kwa kichwa. Maisha ya mtu kwa kifupi ndiyo tuliyokuwa nayo tayari, na yalikuwa ya uongo.

Siku ya Jumanne alikuja mapema zaidi, maneno tulishayazoea yakawa yanakwenda upesi, na sikupumzika hata kula. Ndiyo siku niliyomjua kamanda.

Baba yake alikuwa mpeleka barua wa milimani, anatembea kijiji hadi kijiji. Kijana alirudishwa mara mbili kwa sababu ya kifua, na mara ya tatu alikwenda bila kumwambia mtu nyumbani. Katika chuo cha maofisa wenzake walimcheka kwa lafudhi ya kwao. Nilipoandika hapo nilimwomba yule Mkongomani mpishi arudie, si kwa kuwa sikuelewa. Wageni wanaohamishiwa hapa kikazi kutoka mikoa mingine hucheka Kiswahili chetu pia.

Kisha vita. Alikuwa bado ofisa mdogo, amewekwa na watu wake kwenye kilele chenye theluji, adui upande wa pili. Redio inamwambia: shuka sasa hivi, acha wasioweza kutembea. Hapo ndipo kwetu alipokuwa akiongea na baba mkwe. Kumbe alisema hivi: "Nimesikia. Tunashuka. Tutachelewa, kwa sababu tumebeba watu." Hakubisha na hakuzima redio. Walishuka siku mbili wakiwa wamebeba majeruhi kwa mablanketi, na wote walifika isipokuwa kijana mmoja aliyeganda njiani. Huyo ndiye mtoto wa yule mama.

Kwa kuchelewa kule aliitwa na wakubwa kujieleza, akasahauliwa katika ofisi ya stoo kwa muda. Aliendelea na kazi. Polepole akapanda, cheo juu ya cheo, mpaka akawa mkubwa wa majeshi yote, watu wamejipanga barabarani na maua. Kiongozi mmoja wa serikali anataka kumvisha nishani mbele ya kamera. Kamanda anavua kofia, anaiweka mezani, anasema: nunueni kwanza viatu vya theluji kwa walioko juu, kisha mtanivisha mnachotaka. Mtafsiri alikuwa akituambia pale kwamba kofia inambana.

Jioni tulifika alipokabidhi ofisi. Ilibaki robo saa hivi, sehemu ya uzee wake, na kidole changu cha kati kilikuwa kimevimba upande. Mpishi alisimama. Mkewe alikuwa akimngoja.

"Kesho asubuhi?" niliuliza.

"Motoka ya kambi inakuja asubuhi."

Alfajiri nilikuwa getini hospitali na daftari langu. Gari lilikuwa limeshafika, mkewe ameingizwa, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Nilimwomba aniambie yale ya mwisho kwa kukumbuka tu. Alifikiri, akatikisa kichwa. Siku ya Jumapili, alisema, pale mwisho mtafsiri alikuwa akisema juu ya sauti ya kamanda mfululizo, hakuacha nafasi kama kwa mama, hivyo hakusikia. Aliweka mkono wake juu ya daftari kwa kitambo, kama mtu anayepima joto la mtoto, kisha dereva akawasha gari.

Shangazi na mtafsiri tayari walikuwa wamejua. Kibanda ni kimoja, huwezi kuficha jambo siku mbili. Niliporudi niliwakuta wamekaa mlangoni wanamenya karanga.

"Nasikia unaandika barua ya posa," mtafsiri alisema. "Hebu nione kama binti atakubali."

Nilimpa daftari. Alisoma kurasa tatu, midomo ikitembea, kisha akafunua mbele. Alipofika kwa mama mzee aliacha kumenya karanga. Halafu alilifunga.

"Sawa," alisema. "Pengine ni kweli. Lakini watu wanakuja hapa kucheka, dogo. Mambo ya kweli wanayo nyumbani."

"Soma wewe," nilimwambia. "Leo tu."

"Mimi sisomi vya kuandikwa. Mimi naona, nasema. Ukitaka visomwe, visome."

Alijua alichokuwa akisema. Shangazi naye alinitazama, akasubiri nishushe macho kama kawaida yangu. Sikushusha.

"Leo Jumatano ni siku mbovu hata hivyo," alisema mwishowe. "Saa kumi utasoma. Watu wakitoka wote, hiyo CD inarudi kwenye harusi, nawe unarudi kwenye rimoti, na sitaki kusikia habari hii tena. Tumeelewana?"

"Ego," nilisema. Ndiyo.

Walikuja watu kama arobaini, maana habari ilikuwa imetangulia: yule bubu wa kwenye deki leo atasema. Nilikaa kwenye kiti cha mtafsiri. Maiki ilikuwa na harufu ya tumbaku yake. Nilisoma sentensi ya kwanza na sauti yangu kwenye spika ilinitisha, ikawa kama ya mtu aliye kisimani. Nilipoinua macho kamanda alikuwa ameshasema sentensi tatu mbele yangu. Nikakimbiza, nikaruka mstari, nikapotea. Kijana mmoja akapiga mluzi.

Hapo nilikumbuka kwamba rimoti iko mfukoni mwangu. Nikasimamisha filamu, nikasoma mpaka mwisho wa maneno yale, nikaachia. Yakaja mengine, nikasimamisha tena.

"Dogo, umeme umekatika vipande vipande?" mtu aliuliza.

"Tutafika kamanda ameshazikwa," akasema mwingine.

Niliendelea. Ulipotokea utepe wa kupimia, benchi zima la nyuma likaimba: "Fundi, usinibane!" Nikasimamisha. Niliwaambia, bila kusoma, "Si suti. Wanampima kifua. Kisipotosha anarudishwa kwao. Amesharudishwa mara mbili." Wa nyuma wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakiinama kwenye mwanga wa runinga. Kila mlango ulipofunguka nilimwona mtafsiri nje, ameegemea ukuta. Hakuwa anacheka. Alikuwa anahesabu, kama mimi.

Kwenye kile kilele cha theluji walibaki labda ishirini. Mwanamke mmoja anayeuza maandazi sokoni alikuwa amehamia benchi la mbele. Nilipokuwa natafuta mstari na kijana mmoja akaanza kunung'unika, alimgeukia. "Wewe, una safari? Mwache asome."

Kwa mama mzee nilisimamisha pale uso wake unapojaa kioo chote. Nilisoma swali lake. Nikaachia, kamanda akajibu, nikasimamisha, nikasoma jibu. "Ndiyo, mama. Alisikia baridi. Nilikuwa naye, alisikia baridi sana." Nikaachia, na mama akanyoosha mkono wenye glasi. Mama wa maandazi akasema, si kwa sauti ya kusikilizwa, "Tumemcheka mama wa watu."

Nilisoma viatu vya theluji. Nilisoma kukabidhi ofisi. Kisha ukurasa ukaisha, na kwenye runinga kamanda alikuwa mzee sana, amekaa bustanini na blanketi magotini, watoto wawili miguuni pake. Midomo yake ilianza kutembea. Nikasimamisha, kwa sababu ya mazoea tu.

Mtafsiri alikuwa ameshaingia. Alinijia taratibu, akanyoosha mkono, akaninong'oneza bila ubaya wowote. "Nipe nikumalizie. Anawaaga wajukuu, hii ni rahisi. Nitasema kwa heshima, hakuna harusi."

Naamini angesema kwa heshima. Pengine angesema maneno mazuri kuliko ya kamanda mwenyewe. Watu walikuwa wananitazama, na yeye mkono wake uko pale pale. Niliishika maiki kwa mikono miwili.

"Hapa sijui anasema nini," niliwaambia watu. "Sikuandika. Aliyekuwa ananitafsiria amerudi Nyarugusu."

"Hata kidogo hujui?" mama wa maandazi aliuliza.

"Hata kidogo."

"Basi iache, tumsikie mwenyewe."

Nikazima maiki, nikaongeza sauti ya runinga, nikaachia.

Miezi yote ile sauti ya kamanda akiwa mzee hatukuwahi kuisikia. Ilikuwa nyembamba, na alisema polepole kuliko nilivyosoma mimi. Aliwaambia wale watoto neno, akatulia akitafuta linalofuata, akalipata, akaendelea. Mara moja alikatiza maneno muda mrefu hivi kwamba nilidhani nimebonyeza rimoti bila kujua. Mtoto mmoja akauliza jambo, naye akacheka na kukohoa. Hakuna aliyetuambia kilichomchekesha. Mtafsiri alikuwa amekaa kwenye benchi, mahali ambapo sikuwahi kumwona amekaa, viwiko magotini, anaangalia midomo yake.

Maandishi yakaanza kupanda. Nikazima deki, nikafunua turubai la dirisha. Walioinuka walikuwa kumi na saba.

Shangazi alinikuta napanga mabenchi. "Kumi na saba," alisema.

"Nimewahesabu."

"Jumatano ijayo usome haraka kidogo."

"Siwezi, shangazi."

Aliokota ganda la karanga lililonipita.

"Basi tuanze saa tisa," alisema.